Bandeji Iliyopigwa Pasi

Jumanne ya nne nesi aliweka rula yake ya karatasi juu ya kidonda, akainama mpaka miwani ikamteleza puani, akasema, "Tatu na nusu."

"Hebu rudia, nesi," Mzee Pe alisema.

"Sentimita tatu na nusu, baba. Wiki iliyopita zilikuwa nne na ushee."

Mzee Pe alimgeukia mkewe aliyelala kwenye kitanda cha kliniki, mguu wa kulia umeinuliwa juu ya mto. "Umesikia, mama? Sisi tulianza na tano. Kwa mwendo huu mwezi ujao unacheza muziki."

"Nicheze na nani? Na wewe ambaye magoti yanalia kama mlango?"

Nesi alicheka. Binti yao, aliyesimama karibu na dirisha akiwa na sare ya duka la dawa anakofanya kazi, alicheka pia, kisha akageuka haraka kujifuta macho. Ilikuwa miezi mitano tangu mtu wa nyumba ile acheke mbele ya watu wenye makoti meupe.

Mzee Pe alikuwa dobi. Jina alilopewa na wazazi wake, watu wa mtaani hawakulijua, wala hawakulihitaji. Nguo ikiingia kwake na kutu ya mlango, na kahawa, na rangi ya midomo isiyoelezeka, ilitoka nyeupe pe, na hiyo pe ndiyo iliyokuwa jina lake kwa miaka ishirini na sita. Alijivunia jina hilo kuliko wengine wanavyojivunia shahada. Ukimpelekea shati ukamwambia "hili doa najua halitoki," alikutazama kana kwamba umemtukana mama yake.

Kidonda chenyewe kilianzia pale pale kazini. Umeme ulikatika, wakatoa pasi ya mkaa, naye mkewe akasimama upande wa pili wa meza kukunja. Mama huyu alikuwa na kisukari cha miaka minane, na nyayo zake zilikuwa zimekufa ganzi, hazijui moto wala msumari. Harufu ya kuungua ilipoanza kusikika, wote wawili walilivamia shati la mteja. Waliligeuza mbele na nyuma, wakakagua kola, wakakagua mikono, wakashukuru Mungu kwamba ni zima. Ndipo Mzee Pe alipotazama chini, akaona kaa limekaa juu ya mguu wa mkewe, naye mkewe bado ameshika shati, anatabasamu.

Dawa za kawaida zilishindwa. Daktari wa upasuaji alikwishaanza kuligusia neno lile kwa kulizungukazunguka, mara "hatua ya mwisho," mara "kuokoa maisha," mpaka binti yao alipomuuliza waziwazi, "Unamaanisha kuukata?" Naye akasema ndiyo. Basi binti ndiye aliyesikia, kule duka la dawa, kwamba kuna kliniki inayofanya utafiti wa dawa mpya ya vidonda, na ndiye aliyewapeleka, akazisoma karatasi zote tisa, akasaini kama shahidi.

Daktari wa utafiti, mwanamke mwembamba aliyeonekana hajalala vya kutosha tangu asomee udaktari, aliwaeleza kwa subira. Ile ilikuwa jeli. Sehemu yake kubwa ni maji. Inakaa juu ya kidonda na kukipa unyevu ili ngozi mpya ipate pa kutambaa. Ndani yake zimetiwa chembe za madini ya fedha, ndogo mno, kiasi kwamba ukiweka moja kando ya unywele, unywele utaonekana gogo. Zinatoka kidogo kidogo, siku baada ya siku, na kuua vijidudu.

"Mbona ni kama wanga wangu wa kukazia kola," Mzee Pe alisema, akiitazama ikitoka kwenye bomba, laini na angavu.

"Ichukulie hivyo, mzee. Ila wanga huu haufuliwi. Kutoka Jumanne hadi Jumanne, bandeji isifunguliwe na mtu yeyote. Maji yasiguse. Dawa nyingine isiguse. Kukiwa na lolote, mnapiga simu namba hii."

Kisha simu ya Mzee Pe ikalia, mteja akitaka kujua suti yake ya harusi imefikia wapi, naye akatoka ukumbini kumtuliza. Wakati yuko nje daktari alisema kwamba jeli itabadilika rangi, na kwamba wasishtuke. Mkewe alisikia, lakini alisikia kama mtu anayesomewa ratiba ya safari isiyo yake. Akili yote ilikuwa kwenye mguu. Binti naye alisikia, akatikisa kichwa, na hakuona sababu ya kulirudia nyumbani jambo dogo kama hilo la rangi.

.

Wiki ya tano joto lilishika. Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili: cha mbele ndicho dobini, na cha nyuma cha kulala, katikati pazia. Sufuria za kuchemshia nguo zilitoa mvuke kutwa nzima, na mvuke haujui kliniki imesema nini. Ilipofika Ijumaa, bandeji ya mama ilikuwa imelowa kwa ndani na doa limetokeza juu. Halikuwa doa la damu. Lilikuwa la kijivu, na kingo zake nyeusi kama masizi. Na lilinuka.

Tuseme ukweli, lilinuka vibaya. Mama alijipaka mafuta ya nazi, akajipaka poda, akafukiza udi, na harufu ikakaa juu ya vyote hivyo kama bosi.

Jumamosi asubuhi akaja Karani wa Benki, mteja wa miaka kumi, mtu wa mashati sita kwa wiki. Alichukua furushi lake kaunta, akalifungua, akainua shati moja hadi puani. Akanusa. Akanusa tena.

"Dobi," alisema, "hapa ndani kuna kitu kimekufa?"

"Hapana, mzee. Joto tu hili, na mitaro."

"Mitaro gani? Mtaro uko kule." Alivuta hewa akielekeza pua huku na huku, mpaka pua ikasimama mbele ya pazia. "Inatoka humo. Ni panya huyo. Angalia uvunguni."

"Nitaangalia."

"Angalia sasa. Mimi nakaa na watu mimi, siwezi kuvaa panya." Akalirudisha shati juu ya kaunta kwa vidole viwili. "Yafue tena haya. Au acha, usihangaike. Nitayapeleka kwingine mpaka umalize mambo yako."

Aliondoka na mashati yake, hata kwaheri hakuaga. Mkewe alikuwa nyuma ya pazia, amesikia yote. Mzee Pe hakutaka kuingia. Alikunja suruali moja mara nne, akaikunjua, akaikunja. Alipoingia mwisho wa yote, alimkuta mkewe amekaa kitandani, mguu ameuingiza ndani ya mfuko wa plastiki na kuufunga kwa kamba gotini.

"Mama, unafanya nini?"

"Panya anajifunika," alisema, na hakucheka. "Miaka yote hii watu wanakuja humu kwa sababu nyumba hii ni safi. Leo mimi ndiye uchafu wa nyumba."

"Usiseme hivyo."

"Niseme nini? Pua unayo."

Mzee Pe alipiga ile namba ya kliniki. Iliita hadi ikakata. Alipiga tena, akapiga ya tatu, na sauti ya mashine ikamwambia ofisi hufunguliwa Jumatatu hadi Ijumaa. Alimpigia binti, simu ilikuwa imezimwa, maana duka la dawa lilikuwa na ukaguzi wa shehena, Jumamosi na Jumapili, na wafanyakazi walikusanyiwa simu mlangoni. Basi akabaki ameshika simu, mtu mwenye kila kitu cha kuondolea madoa duniani, na doa liko mbele yake, na amekatazwa.

.

Jumapili mchana mkewe alisema, "Nioshe."

"Wamekataza."

"Najua wamekataza. Walikuwa wanasema na watu wote wale waliopanga foleni. Umewaona mikono yao? Umeona yule aliyefungia kidonda kwa soksi? Hao ndio wa kukatazwa. Wewe ni Mzee Pe."

Hapo ndipo alipopatikana. Wala si kwamba alisahau katazo. Alilikumbuka neno kwa neno. Lakini moyoni alikuwa tayari ameliwaza hilo hilo, kwamba katazo limewekwa kwa ajili ya watu wasiojua usafi, watakaofungua kwa mikono ya kushikia samadi na kuosha kwa maji ya dimbwi. Yeye na usafi walikuwa wanajuana tangu ujana. Kama kuna mtu mmoja katika mji mzima anayeweza kuiondoa bandeji, kukitakasa kidonda na kuirudisha bila nesi kujua tofauti, alikuwa yeye. Angefanyaje kuamini vingine?

Basi akafanya kazi, na aliifanya kwa mapenzi yote. Alichemsha maji dakika ishirini, akayaacha yapoe. Alinawa mikono mpaka viwiko. Aliitumbukizia ndoo matone matatu tu ya dawa ya kung'arishia nguo, kipimo ambacho hata nguo ya kichanga hakiichujishi. Alipoizungusha bandeji ikafunguka, waliona ile jeli: haikuwa angavu tena, ilikuwa tope jeusi, na chini yake utando wa kijivu umegandamana na nyama.

"Mungu wangu," mama alisema. "Kumbe hii ndiyo nimeibeba?"

"Tulia. Linatoka hili."

Alichukua kitambaa laini kipya, akaanza pembeni akielekea katikati, kama anavyofanya kwenye hariri. Tope lilitoka. Utando ulikaza kidogo, akaulowesha, akausugua kwa ncha ya kidole, ukaachia vipande vipande. Chini yake palikuwa pekundu, pabichi, pasafi, na damu kidogo ikachuruzika.

"Inauma?"

"Sijui hata kama unanigusa."

"Damu nzuri hiyo," alimwambia. "Damu mbovu huwa nyeusi."

Bandeji nayo hakuitupa. Aliifua kwa sabuni ya mche, akaichemsha, akaianika juani, na ilipokauka akaipiga pasi pande zote mbili, maana moto huua kila kitu. Aliifunga upya, mzunguko juu ya mzunguko, ukingo kwa ukingo. Akasimama hatua mbili nyuma, akaikagua kazi yake.

"Pe!" alisema mkewe, na safari hii alicheka kwa moyo wake wote, akamshika mume wake shingoni akamvuta, wakakaa hivyo kitandani mchana kweupe kama wachumba. Nyumba ilinuka sabuni.

.

Jumanne nesi alianza kufungua, akasimama. Aliishika ncha ya bandeji, akaipitisha kati ya vidole, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Bandeji hii imepigwa pasi," alisema.

Binti aliwatazama wazazi wake, mmoja, kisha mwingine.

"Mimi nafunga bandeji kumi na tano kwa siku," nesi aliendelea, na sauti yake haikuwa kali, ilikuwa ya kuogopa. "Zangu hazijawahi kuwa nyeupe hivi. Nani amefungua?"

"Mimi," alisema Mzee Pe.

"Mimi ndiye niliyemwambia," alisema mkewe.

"Nimefungua mimi kwa mkono wangu. Yeye alikuwa mgonjwa tu, amelala."

"Sikulala. Nilimwambia nioshe, akanikatalia, nikamwambia tena."

"Mama, nyamaza," alisema binti. "Baba, mlitumia nini?"

Akawaambia. Maji ya kuchemka, kitambaa kipya, matone matatu. Alipokuwa anasema alisikia mwenyewe kiburi kidogo kikimponyoka kwenye sauti alipofika kwenye matone, akaona aibu. Nesi alitoka, akarudi na daktari wa utafiti, na nyuma yake kijana wa kupiga picha za vidonda. Wakafungua. Rula ya karatasi ikashuka juu ya mguu.

"Tano nukta nane," nesi alisema, na hakuna aliyemwambia arudie.

Daktari alivuta kiti akakaa karibu na Mzee Pe, na kitendo hicho cha kukaa ndicho kilichomtisha. Wanaokuja na habari njema huzitoa wakiwa wamesimama.

"Mzee, ule weusi ulikuwa dawa. Fedha ikifanya kazi huwa nyeusi. Na ule utando wa kijivu uliousugua... chini yake ndiko ngozi ilikuwa inaota. Nyembamba sana, haikuwa imeshika bado."

"Palikuwa pananuka, daktari."

"Najua. Hunuka. Mngenipigia simu."

"Nilipiga." Akaitoa simu mfukoni, akamwonyesha: Jumamosi, mara tatu. Daktari aliangalia kioo cha simu muda mrefu kuliko ilivyohitajika kusoma mistari mitatu.

"Namba ile ya siku za kazi," alisema mwishowe. "Ya dharura iko ukurasa wa saba." Binti alifumba macho.

"Basi tuanze upya," Mzee Pe alisema. "Mpakeni tena. Sitagusa. Mnifunge mikono mkitaka."

"Siwezi. Kidonda kikishawekewa kitu kingine, mgonjwa hutoka kwenye utafiti. Leo leo. Si mimi niliyeamua."

"Nani kaamua?"

"Imeandikwa."

"Basi uniuzie. Nitauza mashine yangu ya kufulia, nitauza na meza. Sema bei tu."

"Haiuzwi, mzee. Haina bei. Ingekuwa nayo ningekutajia. Imetengenezwa ya kuwatosha watu wa utafiti tu, haipo duka lolote duniani."

Mlango wa friji ndogo ukutani ulikuwa wa kioo, na ndani yake mabomba ya jeli yalisimama kwenye kisanduku, kila moja na namba ya mgonjwa wake. Mama, akiwa bado amelala, alinyoosha kidole. "Yale ni yangu. Namba kumi na saba. Nimeyahesabu kila nikija hapa, yamebaki saba."

"Ndiyo, mama."

"Mtampa nani?"

"Hapewi mtu. Yanarudishwa yakaharibiwe."

"Yaharibiwe!" Mama alijiinua kwa viwiko. "Yana namba yangu, mguu wangu uko hapa, na nyie mtakwenda kuyamwaga?"

Daktari alikuwa na macho mekundu, na unaweza kumchukia ukitaka, lakini mtu yule alikuwa ameketi pale kama wengine wote mle ndani, hana la kufanya. Ndipo Mzee Pe alipofanya jambo ambalo binti yake alilikumbuka kwa uchungu kuliko mengine yote ya siku ile. Aliliangalia koti la daktari. Kwenye mfuko wa kifuani palikuwa na doa la wino la zamani, limefuliwa vibaya likatawanyika.

"Hilo doa," alisema, akitabasamu lile tabasamu lake la kaunta, "hilo ni dakika kumi tu kwangu. Nipe na mengine. Makoti yenu yote hapa kliniki, mwaka mzima, bure. Miaka miwili. Nitayafuata mwenyewe na kuyaleta mwenyewe, wewe hutasumbuka hata..."

"Baba," alisema binti.

"...hata kidogo. Yatakuwa meupe pe, uliza mtaani, watakwambia..."

"Baba, basi!"

Daktari alikuwa ameuziba mfuko kwa kiganja, kama mtu aliyevuliwa nguo. "Pole, mzee," alisema. Akasaini karatasi ya kumtoa namba kumi na saba, na nesi akaibandika bandeji mpya ya kawaida, yenye chachi kavu. Walipewa barua ya kurudi hospitali walikotoka.

.

Hospitali walikotoka walipanga foleni ya vidonda kila siku ya pili, kwenye benchi refu ambalo mtu akiinuka wote mnasogea. Hapo kidonda kilioshwa kwa maji ya chumvi dakika mbili, chachi, plasta, anayefuata. Hakuna aliyewakataza kitu. Mzee Pe aliuliza kila mara, "Nisifungue?" na kila mara akajibiwa, "Fungua tu ukitaka, mzee, ikilowa badilisha." Hakuifungua hata mara moja. Ilipolowa alikaa akiitazama, mikono ameifungia kwapani, mpaka siku ya foleni.

Binti hakumsemesha babake siku tisa. Alikuja jioni akitoka kazini, akasema shikamoo kwa sababu ni lazima, akampima mama sukari, akapika. Siku ya kumi alizungumza akiwa amempa mgongo, anaosha vyombo.

"Ulijua, baba. Ingekuwa hukujua ningekuwa na la kusema. Ulijua wamekataza."

"Nilijua."

"Sasa kwa nini?"

Alitafuta jibu, na jibu lililokuwepo lilikuwa moja tu. "Ninajua kuosha," alisema.

Binti aliweka sahani chini. Alitaka kumpigia kelele, tena alikuwa na haki, lakini alimwona baba yake amesimama katikati ya chumba cha kufulia, mikono inaning'inia, haina pa kwenda, na kelele akaziacha. "Na mimi sikuwaambia habari ya rangi," alisema. "Nilisikia nikaona ni jambo dogo. Nilikuwa nishaanza kufurahi." Akalia, naye Mzee Pe hakujua amshike vipi, kwa hiyo akalia pia, kila mmoja upande wake wa meza ya kupigia pasi.

Wiki ya tatu ya foleni, homa ya mama ilipanda. Kidole kidogo cha mguu kilibadilika rangi kikawa cha zambarau, kisha cheusi, na weusi huu haukuwa dawa. Sukari ilikataa kushuka. Daktari wa upasuaji alikuja na wanafunzi wake wanne, akaubonyeza mguu, akachora mstari hewani kwa kidole, chini kidogo ya goti. Safari hii hakuzungukazunguka.

Mama alisaini mwenyewe. Mzee Pe alinyoosha mkono kupokea kalamu, maana alidhani ni kazi ya mume, na daktari akasema hapana, ana akili zake timamu, asaini mwenyewe. Mama aliandika majina yake yote matatu, akamrudishia kalamu, akamuuliza mmoja wa wanafunzi kama amekula asubuhi, maana alionekana mnyonge.

.

Siku yenyewe Mzee Pe alifika wodini kumekucha tu. Binti alikuwa kwenye dirisha la malipo akishughulikia damu ya akiba. Nesi wa wodi, mama mnene asiyewajua wala kujua habari zao, alikuja akisukuma kitoroli, akaweka juu ya kiti beseni la maji, kipande cha sabuni na kitambaa.

"Wewe ndiye mume? Haya, baba, nisaidie, niko peke yangu na wagonjwa ishirini na wawili. Muoshe mguu vizuri kabla hajapelekwa. Kuanzia vidole mpaka juu ya goti. Saa mbili wanakuja kumchukua."

"Mimi?"

"Kwani huwezi kuosha?"

Nesi alishaifungua bandeji na kuitupa, akaondoka na kitoroli chake. Mzee Pe alisimama mbele ya beseni. Maji yalikuwa safi, na mvuke mwembamba ukipanda juu yake. Aliutazama mguu ule na kile kidole, akaisikia harufu yake, akashindwa kuinua mikono.

"Siwezi, mama," alisema. "Ngoja nimwite mtoto. Siwezi."

Mkewe alikuwa amevalishwa gauni la kijani la hospitali na kofia ya karatasi, akaonekana mdogo.

"Osha, mume wangu," alisema. "Leo hakuna wa kukukataza."

Akapiga magoti kwenye sakafu, na magoti yakalia, na hakuna aliyetania. Alichovya kitambaa. Kwa mazoea, kabla hajamgusa, aliuliza, "Maji si ya moto sana?"

"Utaniambia wewe."

Basi akaosha. Alianza gotini akishuka, akakizunguka kisigino, akapita kwenye unyayo ambao ulikuwa bado na magaga ya kusimama dobini miaka yote ile, akayasugua mpaka yakalainika. Aliosha pembeni mwa kidonda, akaosha kidonda. Alibadilisha maji mara mbili, akaenda kuyachota mwenyewe bombani mwisho wa wodi. Mama alikuwa amelaza kichwa, macho yako darini, mkono mmoja uko juu ya kichwa cha mumewe kama unavyomshika mtu asipotee sokoni.

Saa mbili kamili kitanda cha magurudumu kilisimama mlangoni. Nesi mnene akaingia akijifuta mikono.

"Tayari, baba?"

Mzee Pe hakuinua uso. Alikuwa amekishika kidole gumba, anapitisha kitambaa taratibu.

"Bado, nesi," alisema. "Katikati ya vidole bado."